Lami imefika Kahama, ukingo wake ni wa nani?

Kahama haina ziwa wala bandari, na si makao makuu ya mkoa. Hata hivyo ndio mji mkubwa kuliko yote mkoani Shinyanga, na kwa idadi ya watu umeuacha mbali mji wa Shinyanga wenyewe. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 242,208 katika Halmashauri ya Mji wa Kahama. Sensa ya mwaka 2022 ikawakuta 453,654, na katikati hapo, mwaka 2021, mji ukapandishwa hadhi kuwa manispaa. Dhahabu ya Bulyanhulu na Buzwagi ilivuta wengi, lakini mgodi wa Buzwagi ulisimamisha uzalishaji mwaka huohuo wa 2021 na watu hawakufunga virago. Wanazidi kuja, kwa sababu mji umekaa njiani.

Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kupitia Dodoma, Singida na Nzega inafika Tinde, inapita Isaka kwenye bandari kavu ya reli, inaingia Kahama, kisha inashika njia ya Ushirombo na Lusahunga hadi mpakani: Rusumo kwa wanaokwenda Rwanda, Kabanga kwa wanaokwenda Burundi. Mpunga wa majaruba ya Kahama, Msalala na Ushetu unaletwa mjini kukobolewa, na mchele wake unafuatwa na wanunuzi kutoka Mwanza, Dar es Salaam, Rwanda, Burundi, Uganda na Kongo. Bati, misumari, mbegu, simu, vitenge na vipuri vya pikipiki navyo vinashushwa Kahama ndipo vigawiwe vijijini. Mji wa namna hiyo unakula kwa barabara.

Kwa hiyo wakazi wa Kahama wana haki ya kufurahi wanapoona greda na shindilia mitaani. Kahama imo katika kundi la kwanza la miji 45 ya mradi wa TACTIC, unaotekelezwa na serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kujenga barabara za mjini, mitaro, masoko na stendi. Mitaa iliyokuwa vumbi kiangazi na tope masika inapata lami. Ni jambo kubwa, na asiyejua ukubwa wake hajawahi kusukuma guta lenye gunia nne kwenye matope.

Nina hoja moja tu, na ningependa isikike mapema, kabla ya rangi za barabarani kuchorwa. Lami ikiwekwa bila kuamua nani atautumia ukingo wake, kwa kazi gani na kwa muda gani, sehemu kubwa ya upana tulioukopea fedha itageuka gereji, ghala na maegesho ya bure ya watu wachache. Itabaki njia nyembamba katikati, na mji utarudi kulalamikia foleni kana kwamba haukujengewa kitu.

Barabara moja, kazi mbili

Tuanze na barabara kuu yenyewe. Kwa dereva wa semitrela mwenye kontena la Kigali, Kahama ni mahali pa kupita, kula wali na kulala. Kwa mama anayetoka Nyasubi na beseni la nyanya kichwani, barabara hiyohiyo ni kitu cha kuvuka mara mbili kwa siku. Sheria inamtaka dereva apunguze mwendo hadi kilomita 50 kwa saa anapoingia kwenye makazi, na hata mwendo huo, kwa gari la tani nyingi, haumwachii mtu nafasi ya kupona. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani duniani ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watu wa pikipiki na bajaji. Ukisimama katikati ya soko lolote la Kahama siku ya Jumamosi, hao ndio utakaowaona.

Lori na gari dogo haviichoshi lami kwa kiasi kimoja, na hapa hesabu inashangaza. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Uzito ukiongezeka mara mbili, madhara yanaongezeka mara 16. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu uzito wa magari inaruhusu tani 10 kwenye ekseli moja yenye tairi nne. Gari dogo lina tani moja kwa ekseli, mara nyingi pungufu. Kwa kipimo hicho, ekseli moja ya lori lililopakia kihalali kabisa, lililopita mizani bila kosa, inaiumiza barabara sawa na ekseli 10,000 za gari dogo.

Barabara kuu inajengwa kwa tabaka nene kwa kuyajua hayo. Mtaa wa dukani haujengwi hivyo, wala haupaswi kujengwa hivyo, kwa sababu fedha zisingetosha kilomita mbili. Lakini mzigo wa mchele au saruji ukitakiwa dukani, lori linaiacha barabara kuu na kuingia mtaani, linakata kona ambayo haikupimwa kwa ajili yake, linapanda bega la barabara, linavunja kingo za mtaro, kisha linakaa hapo saa nne likishusha. Ndiyo maana naona ni kosa kuzungumzia maegesho kama suala la magari madogo na tiketi. Katika mji wa biashara ya jumla, uamuzi wa wapi lori lisimame ndio unaoamua lami itadumu miaka mingapi.

Mafundi wa magari nao wanastahili kutajwa, kwa heshima, kwa kuwa mji hauendi bila wao. Dizeli na mafuta ya injini yanayeyusha lami. Sehemu ambapo magari yanafunguliwa injini kila siku, kokoto huanza kuachana, maji ya mvua hupata mwanya, na shimo huzaliwa. Fundi hana kosa la kutafuta riziki karibu na barabara, maana wateja wake wanapita hapo. Kosa ni la mpango unaojenga mtaa mzima wa maduka na kusahau kwamba magari yanayokuja madukani huharibika.

Kisha kuna maji. Sehemu kubwa ya ukanda huu ina udongo mweusi wa mbuga, uleule unaotunza maji ya mpunga vizuri. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka, na barabara iliyo juu yake inapanda na kushuka nao. Mhandisi anaweza kuuondoa udongo huo, kuweka moramu nzuri na kushindilia, lakini kazi yake yote inategemea mtaro. Mtaro ukijaa maganda ya mpunga na chupa za plastiki, au ukifunikwa kwa zege na mwenye duka anayetaka gari lake lifike mlangoni, maji yanarudi chini ya lami. Ukaguzi wa mitaro na ukaguzi wa maegesho ni kazi moja. Askari anayepita kuangalia gari limeegeshwa wapi angepaswa pia kuangalia limeegeshwa juu ya nini.

Mabosi watano kwenye kipande kimoja

Kati ya lami na mlango wa duka kuna kipande cha ardhi ambacho kila mtu anakitumia na ofisi nyingi zinakigusa. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala ulioanza kazi mwaka 2000. Barabara za mitaa na vijiji ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Manispaa ndiyo inayotoa vibali vya ujenzi na leseni za biashara, inasimamia masoko na kuzoa taka. LATRA inatoa leseni za daladala, bajaji na bodaboda. Polisi wa usalama barabarani wanakamata anayevunja sheria. Kwenye barabara kuu, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati, na wakazi wa miji mingi wanaijua kwa ile alama nyekundu ya X ukutani.

Kila mmoja wa hao ana kazi yake halali, na mwenye duka anayetaka kujua kama anaweza kuweka sehemu ya kushushia mzigo mbele ya jengo lake hajui aanzie wapi. Matokeo yake haanzii popote. Anaweka mawe mawili na tairi bovu, anaegesha, na ukingo unakuwa wake.

Ningeshauri manispaa iwaite wote hao meza moja na itoke na ramani moja ya mitaa ya biashara, mtaa kwa mtaa, ukingo kwa ukingo: hapa pa kushushia mizigo, hapa kituo cha bajaji, hapa wapita kwa miguu tu, hapa magari madogo kwa muda mfupi, hapa mama lishe na wamachinga. Ramani hiyo ibandikwe kwenye ofisi za kata. Inawezekana kabisa kwa mji wa ukubwa wa Kahama, na ni rahisi zaidi kuifanya wakati mkandarasi bado yuko kazini kuliko kuifanya baada ya mwaka, mawe na tairi zikishakuwa desturi.

Kwenye vibali vya ujenzi kuna jambo lingine. Majengo ya ghorofa mbili, tatu na nne yanapanda mahali palipokuwa na nyumba za udongo. Wapo wanaodhani dawa ni kumlazimisha kila mjenzi aweke nafasi nyingi za magari ndani ya kiwanja chake. Mimi naliogopa sharti hilo. Linapandisha gharama ya jengo, hivyo kodi ya fremu inapanda. Linayatenganisha maduka, na mji unakuwa wa kuendea kwa gari. Kwa Kahama ingetosha kudai kitu kimoja kwa kila jengo kubwa la biashara: mlango wa nyuma au wa ubavuni wa kupokelea mzigo.

Anayeziba mlango wa duka

Nimesikia katika miji mingi ya biashara malalamiko yaleyale kwamba wateja hawana pa kuegesha. Ni kweli, hawana. Lakini ukichunguza ni magari ya nani yaliyojaa mbele ya maduka saa nne asubuhi, mengi ni ya wenye maduka wenyewe na wafanyakazi wa ofisi za jirani. Yamefika saa mbili asubuhi na yataondoka saa kumi na mbili jioni. Hizo ni saa kumi. Kama mteja wa kawaida anahitaji nusu saa kununua na kupakia, nafasi moja ingehudumia wateja 20 kwa siku. Sasa inahudumia gari moja linalopigwa jua. Mteja aliyetoka Ushetu na pikapu kutafuta bati anazunguka mara mbili, anaegesha njiani kabisa akiwa ameacha taa za dharura zikiwaka, na nyuma yake foleni inaanza.

Tatizo hili lina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Mwaka 1935, katika mji wa Oklahoma City, mwanahabari Carl Magee alisukuma wazo la kuweka mashine za kulipia maegesho kwa sababu hiyohiyo: wafanyakazi walikuwa wanaegesha kutwa nzima na wateja wanakosa nafasi. Mashine ya kwanza iliwekwa Julai mwaka huo, senti tano kwa saa. Ziliwekwa upande mmoja wa barabara. Haukupita muda mrefu, wenye maduka wa upande wa pili, waliokuwa wakitazama wateja wakipata nafasi kwa jirani, wakaomba wawekewe na wao.

Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyefariki mwaka 2025, alitumia maisha yake ya kazi kulieleza jambo hili kwa namba. Ushauri wake ulikuwa mwepesi kuukumbuka: bei ya kuegesha iwe ile inayoacha nafasi moja au mbili wazi katika kila mtaa, muda wowote. Mtaa ukijaa, bei ni ndogo mno. Mtaa ukiwa mtupu, bei ni kubwa mno, au haikuhitajika kabisa. Kiasi kinachokusanywa hakikuwa kipimo chake.

Sisi tumeanza na kipimo kingine. Mwaka 2021 TARURA ilianza kukusanya ushuru wa maegesho kwa mfumo wa kielektroniki, na nia ya kufunga mianya ya fedha za karatasi ilikuwa njema. Lakini madereva wengi walilalamika kwamba walijikuta wana madeni ambayo hawakujua yalizaliwa lini na wapi. Ushuru wa aina hiyo haubadilishi tabia ya mtu. Ili dereva aamue kuondoka mapema, lazima ajue bei kabla hajazima gari, na aone malipo yanavyopanda akiwa bado amesimama hapo. Akiletewa deni baada ya miezi miwili anaona ameviziwa, na mtaa umebaki umejaa vilevile.

Tiketi ya kutwa nayo ni mpango mbaya kwa mtaa wa sokoni, hata kama ni rahisi kuikusanya. Inampendelea yule anayekaa kutwa na kumwonea anayekuja kwa dakika 20. Ingekuwa kazi yangu kupanga, ningefanya kinyume: nusu saa ya kwanza bure au kwa bei ndogo sana, kisha kila saa inayofuata iwe ghali kuliko iliyotangulia, na hayo yote katika ile mitaa michache inayojaa kweli. Mita 300 kutoka hapo, kuegesha kuwe bure. Mwenye duka atakwenda kuegesha huko na kutembea dakika nne, naye ndiye atakayefaidika kwanza, maana nafasi aliyoiacha mlangoni itakaliwa na mnunuzi.

Je, wafanyabiashara watakubali? Hapo mfano wa Pasadena, California, unatufaa. Kitovu cha zamani cha mji huo kilikuwa kimechakaa, na wenye maduka walipinga kabisa mashine za maegesho. Mwaka 1993 wakakubali, baada ya manispaa kuahidi kwamba fedha zote zitakazokusanywa kwenye mitaa hiyo zitatumika kwenye mitaa hiyohiyo. Zikajenga njia za miguu, taa na miti, zikasafisha vichochoro. Wateja wakarudi. Kahama inaweza kufanya hivyo kwa bango dogo la bati kila mtaa: kilichokusanywa robo hii ni kiasi kadhaa, na kimezibua mtaro huu, kimewasha taa hizi. Mfanyabiashara wa Kahama anajua hesabu kuliko wengi wetu. Akiona shilingi yake imerudi mlangoni, hatahitaji semina ya uhamasishaji.

Wanaokuja bila gari

Mpaka hapa nimesema sana juu ya magari, na inabidi nirudi kwa walio wengi. Mnunuzi wa kawaida wa soko la Kahama haji na gari. Anakuja kwa miguu, kwa bodaboda, kwa bajaji, kwa baiskeli ya abiria, au kwa mchomoko uliojaza watu kutoka vijijini. Sera ya maegesho inayoanza na gari dogo inaanza na wachache.

Nafasi ya gari moja ni kama mita mbili na nusu kwa tano, yaani mita za mraba 12 na nusu. Hapo zinakaa pikipiki sita bila kubanana, au baiskeli kumi. Kituo cha bodaboda cha nafasi mbili tu za gari, kilichochorwa mstari na kuwekewa kivuli, kinaweza kuuhudumia mtaa mzima. Lakini mara nyingi bodaboda wanatengewa uwanja mmoja mkubwa nje ya soko, mbali na mzigo wa abiria wao, kisha tunashangaa wakirudi kusimama kwenye kona. Mtu mwenye debe la mchele na mtoto mgongoni hatembei nusu kilomita kutafuta usafiri. Vituo vidogo vingi karibu na milango ya soko vingepunguza fujo kuliko uwanja mmoja wenye geti.

Kuhusu wamachinga, historia yetu ya karibuni imekuwa ya kupanda na kushuka. Mwaka 2016 Rais Magufuli alizuia wasibughudhiwe, mwishoni mwa 2018 wakapewa vitambulisho vya shilingi 20,000, na mwaka 2021 serikali ikaagiza wapangwe upya na kuondolewa kwenye njia za miguu na hifadhi za barabara. Njia ya miguu ikizibwa, mama na mwanafunzi wanashuka barabarani kukutana na lori, na hilo halikubaliki. Hata hivyo machinga anafuata miguu ya watu, na akipelekwa mahali wasipopita watu atarudi, iwe kwa siri au kwa hasira. Mtaa unaojengwa upya una nafasi ya kulimaliza hili kwa amani. Njia ya miguu ijengwe pana, mita tatu au nne badala ya moja na nusu, na sehemu yake ya ndani ichorwe vizimba vya mita moja. Upana huo utatoka wapi? Kwenye safu moja ya maegesho. Mimi ningeuchukua bila kusita.

Mizigo ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na nadhani ndiyo itakayoamua kama mpango wowote utafanikiwa. Kuna tofauti kati ya kirikuu, toyo na guta, vinavyopeleka mzigo mdogo mdogo siku nzima, na fuso au semitrela inayoleta tani 10 au 30 kwa mkupuo. Hivyo vidogo viachwe vifanye kazi mchana, vikiwa na sehemu zake zilizochorwa na muda wa dakika 20. Malori makubwa yashushe kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na mbili jioni. Hilo linataka taa za barabarani zinazowaka kweli, ulinzi, na makubaliano na makuli, ambao wanalipwa kwa gunia na ambao familia zao zina ratiba. Wasiposhirikishwa tangu mwanzo, ratiba itabaki kwenye karatasi.

Semitrela za safari ya mbali zinahitaji uwanja wao nje ya katikati ya mji. Kahama ina eneo la viwanda la Zongomela, na mgodi wa Buzwagi umegeuzwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi, kwa hiyo ardhi ya kufikiria ipo. Uwanja huo uwe na maji, vyoo, bafu, mama lishe, mafundi na ulinzi, la sivyo dereva atalala palepale barabarani penye chakula na mwanga. Tunduma tumeona safu za malori zinavyoweza kuumeza mji mdogo wa mpakani. Barabara ya mchepuko, kama zile za Arusha ya kilomita 42.4 na Dodoma ya kilomita 112.3, ingeyaondoa kabisa malori yasiyo na shughuli mjini, nami naiombea Kahama iipate. Ikija, hifadhi yake ilindwe tangu siku ya kwanza, kwa kuwa mji utaifuata. Fremu za maduka zitaota kandokando yake kabla rangi haijakauka, na baada ya miaka kumi tutahitaji mchepuko wa mchepuko.

Na kabla lami haijamwagwa, mabomba yapite. Maji ya Ziwa Victoria yalifika Kahama mwaka 2009 kwa bomba kubwa, na kila nyumba mpya inataka kuunganishwa. Kinachouma kuliko yote ni kuona lami ya miezi sita ikikatwa mtaro wa bomba na kurudishiwa udongo. Mabomba matupu ya akiba yakilazwa chini ya barabara kila baada ya mita kadhaa, fundi wa maji, umeme au mkongo wa mawasiliano atapitisha kitu chake bila kugusa lami.

Mambo haya yana haraka yake. Barabara ya kwenda Bulyanhulu hadi Kakola, kilomita 73, inajengwa kwa lami kwa fedha zilizochangiwa na kampuni ya madini ya Barrick. Itakapokamilika, Geita na Kahama zitakuwa karibu zaidi kuliko zilivyowahi kuwa, na magari ya wachimbaji wadogo, wafanyabiashara wa samaki na abiria wa kanda ya ziwa yataingia mjini kwa upande mwingine, juu ya yale ya Isaka na Ushirombo. Mahali ambapo njia hizo zinakutana ndipo penye maduka.

Kwa hiyo, kabla bei yoyote haijatangazwa, manispaa iwape wanafunzi wa vyuo vya mjini kalamu na karatasi, wasimame kwenye mitaa ya biashara siku ya kazi na Jumamosi, tangu saa moja asubuhi hadi saa moja jioni. Waandike kila baada ya nusu saa ni magari mangapi yameegeshwa, yapi hayajaondoka, malori mangapi yanashusha, na watu wangapi wamelazimika kushuka barabarani kwa kukosa njia ya miguu. Namba hizo zibandikwe ofisi za kata, zisomwe kwenye mkutano wa hadhara pamoja na wafanyabiashara, makuli, bodaboda, bajaji na wamachinga, na mistari ichorwe kwa kuzifuata. Mwaka mmoja baadaye wahesabu tena kwenye mitaa ileile.